Mwezi Ikijaa, Aline Analala Kwangu

12/9
Mwalimu Espérance, ule anafundisha bakubwa kusoma ku kanisa, ametupa kila mutu kaye moja. Anasema tuandike kila siku, ata mustari moja, mukono isisahau. Mi nilifika darasa ya tatu tu. Nitaandika nini? Leo nimelima shamba ya batu. Jua kali. Mugongo inauma.

13/9
Nimelima. Mugongo.

16/9
Dany amefika toka Kazimia. Ni mutoto yangu, muvuvi. Mwezi iko karibu kujaa. Mwezi ikiwa mukubwa, ndagala, zile samaki ndogo, haziangalie taa ya bavuvi, zinabakia chini kule. Basi bavuvi bote banarudi kwa babibi yabo siku saba, siku nane, mupaka giza irudi.

Ameleta ndagala kavu. Mi ndio nilipika, juu mangaribi Aline bibi yake alikuja ku mulango yangu na nguo zake mukononi. Ameingia siku zake.

Mu ukoo yetu, mwanamuke akiwa ku siku zake halale mu nyumba ya bwana, hapike ku moto yake. Siku saba. Ata damu ikiisha mbele, anamaliza saba. Analala kwa mama mukwe. Mama mukwe yangu alinifundisha vile, na mi nimefundisha Aline. Bavuvi nabo banaipenda hiyo desturi, banasema nyavu haipendi damu.

Kitanda yangu ni kidogo. Nimelala katikati. Nimemupa upande mudogo ya mulango.

Damu tena. Miaka mbili na nusu ya ndoa, damu tu.

17/9
Nimelima. Aline analala kama mutu amekufa. Miguu yake baridi.

20/9
Jua. Hakuna mawingu.

23/9
Siku saba imeisha. Asubui Aline ameoga, amerudi ku nyumba yake. Saa kenda Dany amepanda boti ya Kazimia, giza inarudi, kazi inamungoja. Bamebaki bote babili masaa machache, na mi nilikuwa mu lupango, mu uwanja ya nyumba, natwanga. Nilitwanga kwa nguvu bajue nipo. Kumbe ningetoka.

29/9
Mvua ya kwanza! Nimesimama nje kama mutoto.

2/10
Tumeanza kupanda karanga ku shamba ya mutu, mi na Cassilde. Cassilde ni Murundi, alikimbia vita, anakaa chini ya njia yetu na bwana yake Gahungu. Anabeba mutoto ku mugongo, Kezimana. Ule ni wa nane.

Nilimuuliza: "Wewe Cassilde, unapumuzikaka?"

Akacheka. "Mama Dany, bwana yangu iko na shamba? Hana. Iko na kazi? Hana. Iko na mi tu. Kila siku iko ku nyumba. Unafikiri tunafanya nini, tunahesabu mabati?"

Tulicheka mupaka mwenye shamba akatuangalia mubaya.

Kisha akasema polepole: "Babili balikufa ku njia. Mama mukwe akaniambia, rudisha bale. Basi nikarudisha, nikarudisha. Sasa nimechoka." Akaangalia nyuma. "Niko nachoma sindano ku santre ya afya. Ya kuzuia mimba, miezi tatu. Gahungu hajue. Ukisema, nakuua na jembe."

Sitasema. Kaye haina mudomo.

5/10
Ku mufereji, fasi tunaloweka muhogo. Cassilde alitaka kutoa muhogo, akamupa Aline mutoto ashike. Mwanamuke moja wa upande ya kanisa akasema kwa sauti: "Usimupe huyu mutoto. Mikono kavu inakausha."

Aline akarudisha mutoto. Cassilde alikasirika, akatukana mu Kirundi.

Mi nilikuwa pale. Niliendelea kuosha muhogo. Mu roho nilifikiri, ule mwanamuke anasema kweli.

8/10
Mvua. Nimelima.

9/10
Mvua. Nimelima.

15/10
Dany amefika. Mvua mingi, alilowa kama kuku. Alikuwa na furaha, ameletea Aline kitambaa ya kichwa. Aline alimupokea, akacheka, kisha akaangalia chini.

Mangaribi iko ku mulango yangu na nguo zake.

"Tena?" nikasema.

"Tena, Mama. Pole."

Ananiomba pole mi, kama vile amevunja sahani yangu.

17/10
Mwezi imejaa lakini mawingu inaifunika. Hatukuenda kulima, udongo ni maji. Aline amenisuka nywele. Iko na vidole nyepesi. Alinihadisia namuna babu yake ku Mboko alikuwa anafukuza tumbili mu muhogo na sufuria mbili, na tumbili zikajifunza kucheza ngoma yake. Nilicheka, chai ikatoka mu pua.

Sikujua anaweza kuchekesha.

19/10
Dany alipita ku mulango yangu. "Mama, bibi yangu unamurudisha lini?"

"Siku saba ikifika."

"Zamani ulikuwa unahesabu pole namuna hii?"

"Toka hapa."

22/10
Aline amerudi kwake asubui. Dany amepanda boti saa nane. Mvua.

23/10
Nimelala katikati ya kitanda. Kitanda imekuwa kubwa. Sijue sababu.

3/11
Siku ya Mungu. Baada ya misa amekuja shemeji yangu Raphaël, mukubwa ya Henri bwana yangu mwenye alikufa. Sasa yeye ndiye kichwa ya ukoo. Alivaa koti. Akivaa koti, kuna neno.

Nilimupa kiti. Aline alileta maji, alipiga magoti, akaenda. Raphaël alimuangalia mupaka akapita ku kona ya nyumba.

"Mama Dany. Miaka ngapi sasa?"

"Mbili na nusu. Inaenda tatu."

"Henri aliacha kijana moja tu. Moja. Huyu Dany akibaki bila mutoto, jina ya Henri itakwisha. Wewe unataka iishe?"

"Hapana, shemeji."

"Basi Noeli ikipita, tunaketi. Aline tunamurudisha kwa babake ku Mboko, kwa heshima, bila matusi. Niko nimeona musichana moja ku Kilembwe. Kwabo mama alizaa kumi."

Mi nilizaa sita. Nilizika ine. Nadège iko ku Uvira na bwana yake. Dany tu ndiye alibaki hapa. Nilifikiri juu ya Henri, namuna alikufa akishika mukono ya Dany.

Nikasema: "Ndiyo."

Nimeandika hapa juu ni kweli. Nilisema ndiyo.

4/11
Nimelima.

5/11
Nimelima. Sijaangalia Aline mu macho.

13/11
Dany amefika. Aline iko ku mulango yangu na nguo zake.

14/11
Homa. Ninatetemeka.

18/11
Leo ninaweza kuketi. Ilikuwa malaria mukali, siku ine. Naandika sababu sitaki kusahau.

Aline aliniosha. Alibadilisha nguo yangu nilipochafua. Usiniulize sababu gani naandika hii, nimechafua, mutu muzima. Alifua bila kukunja pua. Alinipikia uji, akaionja kwanza, akaipuliza, kama vile mama na mutoto. Nilipokuwa na baridi alivua kitenge yake ya siku ya ndoa, ile nyekundu, akanifunika.

Jana nilimuambia arudishe ile kitenge ku sanduku, itaharibika.

Akasema: "Bakia nayo, Mama. Kule naenda sitaivaa tena."

"Unaenda wapi?"

"Mboko. Mi nasikia. Ukuta ni ya matope, haifiche sauti." Alikuwa anaendelea kukoroga uji. "Sikukasirika. Wewe ulinipokea muzuri. Batoto bakikataa kuja, wewe utafanya nini?"

Nilitaka kusema kitu. Meno yangu ilikuwa inagongana. Nilifurahi meno inagongana.

20/11
Siku saba imeisha. Aline amerudi kwake. Dany ameenda Kazimia saa tano, benzake balimuita mapema. Mi bado ninaenda polepole.

Nyumba iko kimya sana.

22/11
Nimefanya kitu bila kuuliza Raphaël. Nimepeleka Aline ku santre, kwa infirmiere Pulchérie. Ni mwanamuke munene, anasema kwa nguvu, kila mutu ku foleni anasikia shida yako.

Nikamwambia: "Punguza sauti, muganga."

"Mimba ni siri? Kila mutu hapa alitoka mu tumbo." Lakini akafunga mulango.

Alimupima Aline. Alimuuliza mambo. Kama tumbo inauma. Kama maji mubaya inatoka. Hapana, hapana. Kisha: "Toka damu moja mupaka ingine, siku ngapi?"

Aline alisema: "Sihesabu."

"Banamuke hawahesabu! Munahesabu ndagala, munahesabu siku ya soko, mwili yenu hamuhesabu." Akachukua kalamu, akachora duara ku karatasi. "Angalia. Hapa damu inaanza. Mutoto hashikwe hapa. Hashikwe siku zinafuata. Anashikwa hapa katikati, siku chache tu, karibu juma mbili mbele ya damu ingine. Hizo siku chache, bwana asipokuwa, hakuna kitu. Ata ukiwa mutakatifu."

Kisha akaniangalia. "Na bwana naye apimwe. Tumbo moja haizae peke yake. Nusu ya wenye nawaona hapa, shida iko kwa mwanaume, na mwanamuke ndiye anafukuzwa."

Karatasi Aline aliiweka mu nguo ya kifua.

23/11
Leo sikuenda kulima. Nimeketi na hii kaye.

Nilitafuta kila fasi nimeandika Aline iko ku mulango. 16/9. 15/10. 13/11. Nilihesabu siku toka moja mupaka ingine na mbegu ya karanga, juu vidole haitoshe. Ishirini na kenda. Nikahesabu tena. Ishirini na kenda.

Kila mara ni siku mbili mbele ya mwezi kujaa. Kila mara ni siku Dany anafika.

Nikachukua ile karatasi ya Pulchérie, nikaweka mbegu ku duara. Damu hapa. Dany anafika hapa. Siku saba Aline analala kwangu. Siku ya nane anarudi kwake, na Dany anapanda boti. Katikati ya duara, pale mutoto anashikwa, mwezi ni giza. Giza ndio kazi. Dany iko ku maji, anaangalia taa. Aline iko peke yake, anaangalia ukuta.

Mbele ya mwezi ya kenda sijue, sikuandika. Na miezi tatu ile serikali inafunga ziwa, Dany anaenda Kilembwe kulima ya batu, haiko ku nyumba vilevile.

Basi mbegu imepandwa lini? Tunalaumu shamba, na mulimaji anafika kila mara mvua imekwisha.

Nilifikiri juu ya Henri. Henri alikuwa mulimaji. Kila siku alikuwa ku nyumba. Mi nilikuwa natoka kwake siku saba, narudi, na yeye iko pale, anangoja, na jembe yake ku ukuta. Ile siku saba ilikuwa ya batu wa jembe. Haikuwa ya batu wa nyavu. Mama mukwe yangu hakuwa na mutoto muvuvi. Mi ndiye niliichukua nikaivalisha mutu mwingine, kama kiatu ya marehemu.

Kuna kitu ingine. Nitaiandika haraka. Zile siku saba, mi nilikuwa nazipenda. Toka Henri alikufa hakuna mutu analala karibu yangu. Dany aliniuliza unahesabu pole namuna hii, na mi nilimufukuza. Ningeweza kusema: siku ine inatosha, damu imeisha, enda kwa bwana yako. Sikusema. Miguu yake baridi, niliizoea.

Na nilisema ndiyo kwa Raphaël.

24/11
Nimemuita Aline. Nimemuonyesha mbegu ku karatasi. Aliangalia sana. Alianza kucheka. Akacheka, akacheka, kisha ikageuka kilio. Nilimushika kichwa.

"Mama," akasema, "basi mi siko kavu?"

"Sijue. Labda. Lakini mwezi ndio imekuwa muke mwenzio."

Siku ya katikati ni 26 mupaka 29. Nimekata shauri: tunaenda Kazimia. Banasema mwanamuke haende ku kambi ya bavuvi. Nitamukodishia nyumba kwa mukristo mwenzetu kule. Bavuvi baseme mupaka bachoke.

26/11
Tumengoja boti. Mawimbi makubwa, boti haitoki. Njia ya juu imekatwa, maji imebeba daraja.

27/11
Mawimbi.

28/11
Mawimbi. Aline ameketi ku muchanga na kapu yake. Sikuweza kumuangalia.

29/11
Mawimbi. Tumerudi ku nyumba.

30/11
Asubui ziwa iko kimya kama mafuta. Nililitukana. Mungu anisamehe.

3/12
Ku mufereji. Ule mwanamuke wa upande ya kanisa alikuwepo. Kezimana alikuwa analia, Aline akamuchukua, akamubeba. Ule mwanamuke akafungua mudomo.

Nikasema: "Funga. Mama yangu alinizaa na kichwa ngumu, leo nitaitumia."

Akasema: "Mama Dany, si wewe mwenyewe ulikuwa unalia juu ya tumbo yake?"

"Nililia mubaya. Sasa nalia muzuri. Loweka muhogo yako."

Cassilde alipiga makofi mupaka muhogo ikaanguka mu maji. Kezimana akalala ku mugongo ya Aline.

12/12
Dany amefika. Aline ku mulango yangu. Ishirini na kenda. Sasa najua mbele, nilikuwa nimesha kupanga shuka.

Shida: mama haseme mambo ya kitanda na kijana yake. Hiyo ni kazi ya shangazi, na shangazi alikufa. Nilizunguka lupango mara tatu. Kisha nikamupa Dany hii kaye.

"Soma. Toka mwanzo mupaka hapa. Usinisomee kwa sauti. Na ukimaliza usiniangalie."

Alisoma, mi nachambua majani ya sombe, mugongo kwake. Nilisikia karatasi inageuka. Fasi ya Cassilde na mabati alicheka. Kisha hakucheka tena. Alikaa mupaka kuku zikaingia.

"Mama."

"Usiniangalie."

"Siangalie. Mama, ku Kazimia baliniita mutungi ya kutoboka. Mi nilikuwa nacheka nabo. Usiku... mu mutumbwi nilikuwa nafikiri, kesho nitamuacha Aline aende apate bwana muzima."

Kumbe na yeye.

"Muganga anasema upimwe," nikasema.

"Nitapimwa."

"Na giza inakuja utakuwa hapa. Siku ya Noeli mupaka mwaka mupya."

"Giza ndio kazi, Mama. Mukubwa ya mutumbwi ataweka mutu mwingine."

"Ndagala zitarudi. Zilikuwa mu ziwa mbele ya babu yako."

Alirudisha kaye na mikono mbili, kama inapewa mukubwa.

16/12
Damu imeisha. Siku ya tano tu. Nimemuambia Aline aende kwake.

"Saba haijafika, Mama."

"Mi ndiye mama mukwe. Mi ndiye nahesabu."

Alisimama ku mulango na nguo zake, hakujua aende ama abaki. Nilimusukuma kidogo. Dany alikuwa nje anakata kuni, alijifanya haone. Alijikata kidole.

18/12
Dany amepimwa ku santre. Amerudi na uso mwekundu, hataki kueleza walipima namuna gani. Pulchérie anasema iko sawa, mbegu zinatembea. Nilisema asanti Mungu. Dany akasema: "Mama, tuache ile hadisi."

19/12
Ameenda Kazimia. Ameapa.

24/12
Mvua toka asubui. Boti ya saa sita, hakuna. Boti ya saa kenda, hakuna. Aline alipika mara mbili, chakula ikapoa mara mbili. Saa kumi na mbili, mutu ku njia na mufuko ku kichwa. Ni yeye, ametembea kwa miguu. Mukubwa ya mutumbwi alimuambia: "Muvuvi mwenye anarudi ku giza, arudi na sketi." Amekuja tu.

Sikuenda ku mulango. Nilifunga yangu.

25/12
Noeli. Kuimba, kula. Kuku moja, batu wengi. Cassilde na batoto yake sita. Gahungu alicheza. Muzuri.

26/12
Raphaël amevaa koti. Alikuja na bazee babili ya ukoo. Baliketi mu lupango. Aline aliambiwa akae ndani. Dany alisimama ku mulango yake.

Raphaël alianza muzuri, na maombi. Kisha akasema neno yake: heshima, bila matusi, Mboko, musichana wa Kilembwe. Akanigeukia. "Na mama mwenyewe alikubali. Si vile, Mama Dany?"

Nilisimama.

"Nilikubali. Nilikosea."

"Unakosea namuna gani?"

"Siku saba, shemeji. Ile desturi ya siku saba. Dany anakujaka ku mwezi mukubwa, Aline iko kwangu. Anatoka kwangu, Dany anaenda. Bale batoto babili banakutana ku mulango tu, kama balinzi banabadilishana. Nimeandika. Nimehesabu. Kaye ni hii."

Muzee moja akacheka. "Sasa mwanamuke anahesabu mwezi na bic!"

"Ndiyo, muzee. Na wewe umehesabu na nini?"

Nilijua nimepita mupaka, lakini nilikuwa nimesha kupita, sikurudi nyuma.

"Mukimurudisha Mboko, na mi naenda naye. Ni yeye aliniosha nikiwa na homa. Mutapeleka banamuke babili, mutaeleza babake nini?"

Dany akasema toka ku mulango: "Na mi nabeba mizigo yabo."

Bazee balisemezana mu Kibembe, haraka, sikusikia yote. Mwisho Raphaël akasema: "Mupaka karanga ivunwe. Hakuna siku moja zaidi."

Nilimusindikiza ku njia. Alikuwa ametoa koti, analibeba ku mukono. Akasimama.

"Mama Dany. Bibi yangu ya kwanza, unamukumbuka?"

Namukumbuka. Alimurudisha kwabo, mwaka ine bila mimba.

"Alipata bwana ku Fizi. Alizaa tano." Aliangalia matope ku viatu vyake. "Wakati ule nilikuwa naenda ku machimbo, narudi Noeli na Pasika. Hakuna mutu alihesabu."

Akaenda. Toka siku Henri alikufa namuogopa huyu mutu. Leo nilimuonea huruma.

27/12
Giza. Dany iko ku nyumba.

28/12
Giza. Dany iko ku nyumba. Nimeenda kulima mapema, nimerudi kuchelewa. Nilimuambia Cassilde sitaki kutwanga. Alielewa, alicheka peke yake mu shamba kama mwenda wazimu.

29/12
Giza. Iko ku nyumba.

30/12
Giza.

1/1
Dany ameenda. Mukubwa ya mutumbwi alituma neno arudi, mutu mwingine alikuwa analala mu kazi.

4/1
Karanga zinajaza maganda. Palizi.

7/1
Cassilde amechoma sindano yake tena. Anasema: "Mi naenda santre kufunga, wewe unaenda kufungua, Pulchérie ametushangaa." Nimemubebea Kezimana ku kurudi. Iko muzito, huyu.

9/1
Nimefua shuka. Sijue nafua sababu gani.

10/1
Leo ishirini na kenda imetimia. Nilimuangalia Aline toka asubui. Alichota maji. Alifagia. Mangaribi niliacha mulango wazi. Hakukuja.

11/1
Mulango wazi. Hakukuja. Dany amefika na boti ya mangaribi.

12/1
Hakukuja. Sisemi kitu. Ku kwetu mimba haitajwi mbele ya miezi tatu.

13/1
Mwezi imejaa. Inaangaza lupango yote, unaweza kuchambua muchele. Dany na Aline baliketi nje, banakula karanga mubichi Cassilde alileta toka shamba. Mi niliketi ndani, naangalia kitanda. Nilimuomba Mungu Aline asikuje. Tena nilikuwa namungoja. Mutu ni mubaya.

14/1
Hakukuja.

16/1
Saa nane mvua ilianza, mukubwa. Nilirudi toka shamba nimelowa. Nilikuwa navua nguo, nikasikia ku mulango.

Aline. Nguo zake mukononi.

Nilifikiri: siku sita ilichelewa tu, basi, imekuja. Nilifikiri juu ya Raphaël na karanga. Nikakaza uso, asione.

"Ingia, mwana. Ni siku zako?"

"Hapana, Mama."

"Na nguo?"

"Zililowa ku kamba, nimezianua." Alikuwa anasimama ku maji, ananiangalia kwa haya. "Dany ameenda kutengeneza nyavu ku rafiki. Na mi nasikia usingizi, Mama. Toka juzi, usingizi tu, kama nimekunywa kitu. Nikafikiri, nilale hapa kidogo. Nilizoea."

Sikuuliza kitu. Mvua ilikuwa inapiga bati, ata tungesema hatungesikia.

Nilisogea mupaka ku ukuta. Nimemupa upande mukubwa. Amelala pale pale, mudomo wazi. Miguu yake bado baridi. Nimeifunika na kitenge nyekundu, naandika hii ku goti, polepole, bic isimuamushe.